Biashara Yetu na India, na Mambo Yampasayo Mkulima Kuyajua

(Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wanachama na wageni, katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama)



Tumepewa heshima ya kusema maneno machache katika siku hii ya furaha. Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza jinsi Chama chetu kilivyoanza na jinsi kilivyokua. Sisi wa ofisi ya Katibu tumeona yafaa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisikia kwa mbali, nalo ni biashara ya bidhaa baina ya nchi yetu na nchi ya India.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu kila mwaka, mnada ukiisha, mwanachama huuliza: "Bei hii nani ameipanga?" Wengine humlaumu katibu, wengine humlaumu mnunuzi, na wengine huilaumu Serikali. Leo tutajaribu kulijibu swali hilo. Kisha tutawaomba mlipime azimio lililo mbele ya Mkutano Mkuu, yaani kama akiba ya miaka hii 10 igawanywe yote, au sehemu yake iwekwe katika mashine na ghala. Mambo haya mawili yana uhusiano, kama mtakavyoona.

Biashara ya pwani yetu na Bara Hindi ni ya kale sana. Majahazi yalikuja kwa upepo wa kaskazi yakiwa yamepakia nguo na shanga kutoka Gujarat, yakangoja huku, kisha yakarudi kwa upepo wa kusi yakiwa na pembe na boriti. Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Tukihesabu laki, tukishona gunia, tukikata bima, tukiandika hundi, twatumia maneno yaliyotoka ng'ambo ile ya bahari. Hata rupia ilikuwa fedha ya nchi hizi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920, shilingi iliposhika nafasi yake. Na Benki Kuu ya India imekwisha kuyaruhusu mabenki ya huko kufungua akaunti maalumu za rupia kwa ajili ya biashara na Tanzania. Rupia iliyotoka kwa mlango wa mbele imerudi kwa mlango wa nyuma.

Katika siku hizi, sisi twapeleka India dhahabu, korosho ghafi, mbaazi na mazao mengine ya jamii ya kunde. Wao watuletea mafuta yaliyosafishwa, dawa za hospitali, mashine, pikipiki, na yale magari ya magurudumu matatu tuyaitayo bajaji. Basi mkulima auzaye mbaazi zake, kisha akampeleka mtoto zahanati kwa pikipiki, akanunua vidonge, huenda amefanya biashara na India mara tatu katika siku moja bila ya kujua.

Sasa tuje kwenye swali la bei. Yapo mambo yanayoshangaza kidogo. India ni nchi inayolima na kula mazao ya jamii ya kunde kupita nchi nyingine yo yote duniani. Mbaazi hulimwa huko kwa wingi, hasa katika majimbo ya Maharashtra na Karnataka. Korosho nazo wanazo. Wareno ndio waliouleta mkorosho kutoka Brazil katika karne ya 16, wakaupanda pwani ile na pwani hii. Kwa nini basi mtu aliye na mti wake mwenyewe avuke bahari kununua matunda ya jirani?

Jibu ni majira. Korosho za India huvunwa tangu mwezi wa Februari au Machi mpaka Mei. Zetu huanza kuingia ghalani mwezi wa Oktoba, wakati ambapo viwanda vya kubangua vya mji wa Kollam, katika jimbo la Kerala, vimepungukiwa na malighafi na wafanyakazi wake wangoja kazi. Kadhalika mbaazi za India huvunwa kuanzia Desemba hadi Februari. Zetu za Kusini hutangulia kwa miezi kadhaa, wakati akiba ya mwaka uliopita inakwisha katika maduka yao, na watu wao hawawezi kukaa bila mchuzi wa mbaazi zilizopasuliwa. Hapo ndipo ilipo nguvu yetu. Tukipeleka gunia la mbaazi mnadani, twauza mbaazi, na pamoja nazo twauza mwezi ambao mwenzetu hana.

Lakini nguvu hiyo ndiyo udhaifu wetu pia. Pengo likiwa kubwa, bei hupanda. Pengo likizibika, bei huanguka, hata kama sisi tumelima vizuri na kupima kwa haki. Mvua ikikosekana Maharashtra, mkulima wa Masasi hufurahi bila ya kujua sababu. Mvua ikinyesha vema huko, hulia bila ya kujua sababu.

Hayo tuliyaona kwa macho yetu. Katika mwaka 2015 ukame uliipiga India, mbaazi zikawa haba, na bei ikapanda sana. Wakulima wa Afrika ya Mashariki wakapanua mashamba. Na wakulima wa India nao, kwa kuiona bei ile ile, wakapanua yao. Mvua za 2016 zikawa njema, mavuno yao yakajaa maghala, na Serikali yao ikapaswa kumlinda mkulima wake. Tarehe 5 Agosti 2017 ikatoa amri kwamba mbaazi zitakazoingia kutoka nje kwa mwaka wa fedha zisizidi tani 200,000. Amri hiyo ilitoka wakati zetu zimekwisha kukauka. Wanachama mnakumbuka yaliyofuata. Wako walioona gharama ya kuvuna inazidi bei, wakaziacha mbaazi shambani.

Hatusemi haya ili kuwalaumu wenzetu wa India. Serikali yo yote humtazama kwanza mkulima wake, na yetu ingefanya vivyo hivyo. Twasema ili tuone mafunzo yaliyomo.

Funzo la kwanza ni kwamba ushuru na kikomo ni vitu viwili. Tangu 2008 India ilikuwa imetangaza mpango wa kuziondolea au kuzipunguzia ushuru bidhaa nyingi za nchi zenye maendeleo madogo, nasi tumo katika mpango huo. Lakini mlango usio na kiingilio waweza kufungwa vile vile. Mzigo uliosamehewa ushuru hauna faida kama tani zilizoruhusiwa zimekwisha.

Funzo la pili ni thamani ya mapatano. Jirani zetu wa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, walitia sahihi mapatano na India mwezi Julai 2016, kwamba India itanunua kwao mbaazi na mazao ya jamii hiyo tani 100,000, na kiasi hicho kiongezeke hadi tani 200,000 baada ya miaka. Amri ya 2017 ilipotoka, mizigo iliyokuwa chini ya mapatano ya serikali kwa serikali haikuhesabiwa katika kikomo kile. Mvua zilikuwa zile zile, udongo ule ule, mbaazi zile zile. Tofauti ilikuwa karatasi. Mwaka 2021 Malawi nayo ikapata mapatano ya tani 50,000 kwa mwaka. Basi vyama vya ushirika visione haya kuiomba Serikali, kwa njia zilizo halali, itafute maandiko kama hayo. Tukiwa na takwimu safi za mavuno yetu, maombi yetu yatakuwa na uzito, maana hakuna nchi iandikianayo mapatano ya tani na mtu asiyejua ana tani ngapi.

Kweli, mwezi Mei 2021 India ilikiondoa kikomo hicho, na baadaye ikauongeza muda wa ruhusa mwaka baada ya mwaka. Lakini ruhusa itolewayo kwa mwaka yaweza kukoma kwa mwaka. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Funzo la tatu latoka katika korosho. Katika msimu wa 2017/18 bei katika baadhi ya minada ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Msimu uliofuata, mwezi Oktoba 2018, wanunuzi walitaja bei zilizo chini ya shilingi 3,000, na wakulima wakazikataa. Mwezi Novemba Rais John Magufuli akaamuru Serikali izinunue kwa shilingi 3,300, na jeshi likasomba mzigo. Mkulima aliiona nafuu hiyo. Lakini korosho zilipokuwa mikononi mwetu wenyewe, viwanda vya kuzibangua havikutosha, na mwaka 2019 Serikali ikalazimika kutafuta wanunuzi wa nje wa korosho zile zile ghafi. Tulikuwa na mali, hatukuwa na njia ya pili.

Tufikirie hesabu hii. Kilo 4 au 5 za korosho ghafi hutoa kilo 1 hivi ya korosho zilizobanguliwa. Kwa hiyo, katika kila magunia manne tupakiayo melini Mtwara, matatu ni uzito wa maganda. Twalipia nauli ya maganda, kisha kazi ya kubangua twaiacha ng'ambo.

Lakini hatutaki kuwadanganya kwamba kiwanda ni dawa ya kila ugonjwa. Katika miaka ya 1970 nchi yetu ilijenga viwanda vikubwa vya korosho. Mavuno, yaliyokuwa yamefika tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74, yakaanguka hata chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87, kwa bei ndogo, kwa watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao, na kwa ugonjwa wa ubwiriunga. Viwanda vikakaa bila korosho, na vingine vikageuzwa maghala. Mashine isiyo na malighafi, fundi wala soko ni chuma tu.

Basi, ndugu wanachama, azimio la Halmashauri halidai kiwanda kikubwa. Ladai kwamba akiba isigawanywe yote. Sehemu yake inunue mashine ya wastani ya kukoboa na kupasua mbaazi, na sehemu itengeneze ghala kavu lisilovuja. Ghala latupa muda: mkulima mwenye stakabadhi na ghala zuri aweza kungoja mnada wa pili na wa tatu. Mashine yatupa mlango wa pili: mbaazi zilizopasuliwa zaweza kuuzwa Dar es Salaam na Mombasa, ambako watu wa pwani hula mbaazi za nazi asubuhi, na zaweza kuwafikia walaji wenye asili ya Kihindi walioko Ghuba na Uingereza. India itabaki kuwa mnunuzi wetu mkubwa, nasi twapenda iwe hivyo. Lakini muuzaji mwenye milango miwili husikilizwa kwa adabu zaidi na kila mnunuzi.

Twajua wako wanachama wanaosema: "Sisi tuna ada za watoto wa shule, tupeni chetu leo." Neno hilo ni la haki, wala haifai kulijibu kwa ukali. Fedha hizo ni zenu. Ndiyo maana azimio limeomba sehemu, halikuomba zote. Na ndiyo maana limetaka hesabu ya mashine isomwe katika kila mkutano wa chama cha msingi, shilingi kwa shilingi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikionekana baada ya misimu miwili kwamba mashine haijilipi, Mkutano Mkuu utakuwa na uwezo wa kuiuza na kuwarudishia wanachama kitakachopatikana.

Yako pia mambo yasiyohitaji azimio lo lote. Tukaushe korosho vema kabla ya kuzipeleka ghalani. Mnunuzi huchukua sampuli, huzihesabu, huzipasua, na kupima kiini kilichomo. Korosho mbichi au mbovu chache hushusha bei ya mzigo mzima wa jirani zako. Tusichanganye mbaazi na mchanga, kwani mchanga ule husafiri mpaka India na kurudi katika bei ya mwaka ujao. Nasi wa ofisi ya Katibu twaahidi kwamba kuanzia msimu ujao, kabla ya kupanda na kabla ya mnada, tutabandika katika kila chama cha msingi karatasi yenye habari tatu: hali ya mvua na mavuno ya India, amri mpya za forodha, na bei za bandarini. Ukiyajua hayo, utajua mapema kama msimu huu ni wa kupanua shamba la mbaazi, au wa kuchanganya na ufuta na mahindi.

Kwa hiyo, swali la "Bei hii nani ameipanga?" jibu lake ni hili: imepangwa na mawingu ya Maharashtra, na amri za New Delhi, na mapatano yaliyoandikwa au yasiyoandikwa, na unyevu ulio ndani ya gunia lako. Mawingu hatuyawezi. Amri tunaweza kuzisoma mapema. Mapatano tunaweza kuyaomba. Gunia, ghala na akiba viko mikononi mwetu, na kura ni yenu.