Mtumbwi Katika Mvua: Funzo la Ziwa Duluti



Twalijua sote Ziwa Duluti, lililo ndani ya shimo la volkeno ya kale pale Tengeru, karibu na barabara itokayo Arusha kwenda Moshi. Wageni huja kupiga makafi humo, na vijana wetu hupata riziki kwa kuwaongoza.

Masika moja, sisi viongozi watatu tulikwenda kuitazama kazi hiyo. Kijana mwongozaji alituonya kuwa Meru imefunga mawingu. Tukamjibu kuwa tuna haraka. Tulipofika katikati, mvua ikatushukia, ukungu ukaficha ukingo, na maji yakatujaa miguuni. Kila mmoja wetu akatoa amri yake. Mtumbwi ukazunguka palepale. Mmoja akasimama, nusura tupinduke. Ndipo kijana akasema kwa adabu: "Wazee wangu, kaeni chini. Wawili pigeni kafi kwa hesabu yangu, mmoja akumbe maji." Tukatii. Ukingoni tulizama katika tope hadi magotini, na viatu vikabaki humo. Lakini tulikuwa hai.

Wenzetu, hatuna budi kushika mambo matatu. Asiye na jaketi la kuokolea asipande. Mvua ikitanda, mgeni arudishiwe ada yake. Na majini, amri ni ya mwenye kujua, hata akiwa mdogo wetu.

Chama chetu kimetimiza miaka 10. Ada ya leo yaweza kupatikana kesho. Mtoto wa mwanachama akizama, hapatikani tena.