Leseni ya uwindaji na mipaka yake

Uwindaji wa wanyamapori nchini Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Chini ya sheria hiyo, mnyama ni mali ya umma, na leseni humpa mwindaji ruhusa yenye mipaka.

Mpaka wa kwanza ni mahali. Ndani ya Hifadhi za Taifa hakuna uwindaji. Vitalu hutengwa katika mapori ya akiba, mapori tengefu na maeneo ya jumuiya za hifadhi za vijiji. Mpaka wa pili ni wakati: msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa Julai, mvua zikiwa zimekwisha, na kuwinda usiku ni kosa. Mpaka wa tatu ni idadi, kwani kila kitalu hupangiwa mgawo wa wanyama. Simba dume anayewindwa anatakiwa awe ametimiza miaka sita, ili madume wachanga wapate kuzaa na kulinda watoto. Sumu na mitego haramu haviruhusiwi, wala kumfyatulia mnyama risasi kutoka ndani ya gari.

Kenya ilichagua njia nyingine ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania imebaki na leseni, na uamuzi huo unadai usimamizi makini. Mgawo usiotokana na sensa ya kweli hauhifadhi kitu, na kijiji kinachopata hasara ya mazao bila kuona mapato hakitakuwa mlinzi wa wanyamapori. Mamlaka husika zihakikishe yote mawili yanatimizwa.