JE, YAIPASA SERIKALI KUMLIPIA ADA YA CHUO KIKUU ASIYEJIWEZA?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kawaida wa Chama. Yachapwa hapa kwa ombi la mkutano.)



Katika mkutano uliopita mwanachama mmoja alisimama akauliza swali, na wengi wakampigia makofi. Alisema hivi: sisi makarani tulioishia shule ya sekondari twakatwa kodi katika mshahara kila mwezi. Kwa nini kodi hiyo impeleke mtoto wa mtu mwingine Chuo Kikuu, kisha baada ya miaka michache arudi ofisini awe mkubwa wetu, naye ashindwe hata kutuamkia? Halmashauri ikatutaka tulijibu swali hilo leo. Hatukusudii kulidharau, maana ni swali la haki, na mwenye kuvaa kiatu ndiye ajuaye kinapobana.

Yafaa kwanza tutazame tulikotoka. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mlango wa pekee wa elimu ya juu kwa vijana wa Afrika Mashariki. Hapa kwetu Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba mwaka 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili kinachosimama peke yake. Siku zile Serikali ililipa yote: masomo, chakula, malazi, hata nauli ya kurudi nyumbani. Wasomi walikuwa wachache, na nchi iliwahitaji kama mgonjwa amhitajivyo mganga.

Walakini hata siku zile swali la mwenzetu lilikwisha kuulizwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kukataa sharti la kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kupokea asilimia 40 tu ya mshahara katika muda wa utumishi huo. Mwalimu Nyerere aliwafukuza chuoni wapatao mia nne, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirejeshwa baadaye. Twaona katika habari hiyo mambo mawili: kwamba anayesomeshwa na umma ana deni kwa umma, na kwamba mkubwa anayedai deni hilo yampasa naye ajikate kwanza.

Kisha wanafunzi wakaongezeka, na mfuko wa Serikali haukuongezeka kwa kadiri hiyo. Katika miaka ya tisini wazazi walianza kuchangia gharama. Mwaka 2004 Bunge lilitunga sheria Na. 9 ya kuanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi mwezi wa Julai mwaka 2005. Wenzetu wa Kenya walikuwa na bodi ya namna hiyo tangu mwaka 1995. Basi kile kilichokuwa zawadi kikawa mkopo.

Sasa tumjibu mwenzetu. Asema kwamba hakusoma Chuo Kikuu, basi hana faida nacho. Lakini mke wake anapojifungua kwa taabu usiku, anayeitwa ni daktari. Daraja analopita kwenda kijijini lilipimwa na mhandisi. Mwanawe aliye kidato cha tatu afundishwa hesabu na mwalimu aliyetoka chuoni. Elimu ya mtu mmoja haikai kichwani mwake kama fedha katika kibubu. Yatoka ikatembea katika nyumba za watu wasiopata kuiona hata karatasi yake.

Tena, tuulizane sisi wenyewe: nani alitulipia sisi? Wengi wetu tulisoma sekondari za misheni. Ada aliyolipa baba haikutosha chakula, sembuse vitabu, walimu na mabati ya bweni. Sehemu kubwa ililipwa na watu wa mbali, waliotia senti zao katika kapu la kanisa bila kujua majina yetu. Hawakuuliza kama tutakuja kuwaamkia. Aliyevushwa mto kwa mtumbwi wa mwingine hawezi kusema mitumbwi haina kazi.

Liko na jambo jingine. Tangu mwaka 2016 Serikali imeondoa ada katika shule zake mpaka kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 mpaka kidato cha sita. Mtoto wa mkulima aweza basi kusomeshwa na umma tangu darasa la kwanza hata mtihani wa mwisho. Akishinda mtihani huo, naye hana ada ya chuo, akarudi kijijini kukaa, aliyepata hasara si yeye peke yake. Nchi imegharamia safari ndefu, kisha ikamwacha msafiri hatua chache kabla ya kufika. Huko si kuhifadhi mali, ni kuitupa.

Haya yatosha kuonyesha kwamba asiyejiweza yafaa asaidiwe. Je, wote wasome bure? Hapo twasema polepole. Uingereza, ambayo ni tajiri kuliko sisi, ilikuwa haidai ada kwa vijana wake, kisha mwaka 1998 ikaanza kudai paundi 1,000 kwa mwaka, ikafika 3,000 mwaka 2006, na mwaka 2012 hata paundi 9,000, ingawa mwanafunzi hukopeshwa na hulipa baadaye kwa kadiri ya mapato yake. Ujerumani baadhi ya majimbo yalijaribu kutoza ada, na kufikia mwaka 2014 yote yalikuwa yameiacha. Kila nchi huchagua kwa kutazama mfuko wa kodi yake.

Mfuko wetu twaujua. Katika mwaka wa fedha 2021/22 fedha za mikopo ziliongezwa kutoka Sh. bilioni 464 hata Sh. bilioni 570, na bado walikuwako walioomba wasipate. Tukisema kila mtu asome bure, tutamlipia pia mtoto wa tajiri, ambaye baba yake alikwisha kumlipia shule za fedha nyingi tangu utoto, na aghalabu huyo ndiye anayefika chuoni kwa wepesi. Fedha hiyo itatoka wapi? Itatoka katika dawati la mtoto wa darasa la pili anayekaa chini. Kumnyang'anya maskini mdogo ili kumpa tajiri mkubwa si haki, hata kama twaita jambo hilo elimu bure.

Kwa hiyo sisi twaona njia ni hii: asiye na kitu kabisa alipiwe yote, na sehemu yake iwe zawadi isiyorudishwa; mwenye kidogo akopeshwe; na mwenye nacho ajilipie. Mfano wa zawadi tunao tayari, kwani tangu mwaka 2022 Serikali yawalipia wanafunzi waliofaulu vizuri sana katika masomo ya sayansi. Lakini zawadi hiyo hutazama alama. Twaomba iwepo nyingine itakayotazama umaskini pia, maana aliyepata alama za kati akisoma kwa kibatari huenda amekimbia mbio ndefu kuliko wa kwanza aliyesoma kwa umeme.

Juu ya mkopo, hesabu yake twaijua sisi tunaoandika karatasi za mishahara. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mdaiwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambapo kabla yake ilikuwa 8. Mwenye Sh. 600,000 akakatwa Sh. 90,000 badala ya Sh. 48,000. Juu yake palikuwa na nyongeza ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Mwenye deni la Sh. 10,000,000 aliongezewa Sh. 600,000 kwa mwaka, hali jumla ya makato yake yote ni Sh. 1,080,000, zaidi ya nusu ya jasho lake iliishia katika nyongeza. Nyongeza hiyo Rais Samia aliiondoa mwaka 2021, na twashukuru. Wadaiwa nao wakumbuke kwamba kila shilingi wanayorudisha ni kitanda cha mwingine bwenini. Mtu anayejificha asilipe, hali anao mshahara, hamdhulumu waziri. Amdhulumu mdogo wake.

Ugumu mkubwa umebaki mmoja: nani maskini? Kenya ilipoanza mpango mpya mwaka 2023 wa kuwagawa wanafunzi kwa kadiri ya hali za nyumbani, malalamiko yalikuwa mengi, na mambo yakafika mahakamani. Umaskini hauna mizani. Kwetu hupimwa kwa karatasi: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, cheti cha kifo kwa yatima, muhuri na sahihi. Na karatasi hizo, mabibi na mabwana, hupita mikononi mwa nani? Hupita mikononi mwa makarani.

Hapa hatuna budi kuungama. Katika ofisi moja ambamo tulipata kutumika, alikuja kijana akitafuta cheti cha kifo cha baba yake. Tulimwambia aje kesho. Alipokuja kesho tulimwambia mwenye muhuri amesafiri. Mara ya tatu tulimwona mlangoni, tukaendelea kunywa chai. Alikuwa akija kwa miguu kutoka mbali, wala hakutuambia, nasi hatukumwuliza. Alipopata karatasi yake siku ya kuomba mkopo ilikuwa imepita, akakaa nyumbani mwaka mzima. Hakuna waziri aliyemnyima nafasi ile, wala hapakuwa na uhaba wa mabilioni. Tulimnyima sisi, kwa uvivu wa nusu saa.

Basi, Bwana Mwenyekiti, twauliza mkutano ukubali mambo matatu. La kwanza, Chama kiandike barua kuiomba Serikali iwalipie kwa zawadi wale wasiojiweza kabisa. La pili, wanachama wanaodaiwa mikopo walipe bila kufuatwa. La tatu, kila mwanachama aahidi kwamba karatasi ya mwanafunzi haitalala mezani pake hata usiku mmoja.

Na kwa mwenzetu aliyeuliza swali twasema: yamkini huyo kijana atarudi awe mkubwa wako, na yamkini hatakuamkia. Hayo ni makosa ya malezi, nayo hayaponi kwa kumfungia mlango. Lakini yamkini pia kijana huyo ni mwanao.