Mtoto Asiyeletwa Shuleni

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa serikali, Igamba, Mbozi)



Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, TANU iliamua kwamba kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi. Wananchi wakajenga madarasa kwa nguvu zao. Hata hivyo, neno hilo "kila" halikumfikia vyema mtoto kiziwi wala mtoto asiyeweza kutembea. Wachache walipelekwa mbali, kwenye shule kama ile ya wasioona ya Buigiri au ya viziwi ya Tabora. Wengi walibaki uani.

Leo sheria si kisingizio tena. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilitungwa mwaka 2010. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu mwaka 2016 darasa hilo katika shule za umma halitozwi ada.

Tatizo letu ni kwamba mwalimu humwandikisha mtoto aliyeletwa. Asiyeletwa hana wa kumwulizia. Mzazi humficha, pengine kwa aibu, na mara nyingi kwa hofu kwamba atachekwa, au kwa sababu hawezi kumbeba mgongoni kila alfajiri huku kahawa ikimngoja shambani.

Kuchelewa huko kuna gharama. Mtoto kiziwi asiyekutana na lugha ya alama katika miaka yake ya mwanzo huweza kukua bila lugha kamili. Akifika darasa la kwanza tunamwita mzito, kumbe wazito ni sisi.

Nami sijitoi. Nimeandika habari za madarasa mengi yaliyofunguliwa, nikahesabu madawati. Sikuuliza ni nani hakuingia.

Basi, kabla ya uandikishaji, mwenyekiti wa kitongoji, anayezijua nyumba zote, na afuatane na mwalimu mlango kwa mlango. Fundi wa kijiji aweke mteremko mlangoni na kishikio chooni. Asiyeona vizuri akalishwe mbele. Mwalimu wa elimu maalumu na vifaa vya kusikia ni wajibu wa serikali. Maofisa waviombe mapema katika bajeti, wasimtwishe mzazi.

Tumekwisha kusema sana kwamba binadamu wote ni sawa. Daftari la mahudhurio la mwakani ndilo litakaloonyesha kama tuliamini.