Judy Kibinge na Filamu Zinazosubiri Kericho



Nimeombwa nizungumzie maisha ya msanii huru wa filamu. Nimemchagua Judy Kibinge. Si mzaliwa wa huku kwetu, lakini kazi yake inatugusa moja kwa moja.

Kibinge alisomea Uingereza, kisha akarudi Nairobi na kupanda hadi kuwa mkurugenzi wa ubunifu katika kampuni ya matangazo ya McCann Erickson. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliuacha mshahara wa kazi hiyo, bila uhakika kwamba filamu ingemlisha. Mwaka 2002 akatoa Dangerous Affair, kisa cha mapenzi ya vijana wa Nairobi wenye kazi na pesa mfukoni. Enzi hizo, mtazamaji wa ng'ambo alizoeshwa kuiona Afrika ya wanyamapori na njaa. Kibinge aliwapa Wakenya nafasi ya kujitazama wakipendana na kusalitiana.

Kazi ninayoithamini kuliko zote ni Something Necessary, ya mwaka 2013. Anne, muuguzi, amempoteza mumewe katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na mwanawe hana fahamu hospitalini. Anarudi shambani kwake ajenge upya. Filamu inamfuata pia Joseph, kijana aliyekuwemo katika genge lililomvamia, akiandamwa na alichokifanya. Kibinge hamsafishi kijana huyo, wala hamgeuzi kuwa jini. Fikirieni uzito wa hilo hapa Kericho, mahali ambapo mwaka 2008 wachumaji chai walikimbia na watoto mgongoni, na waliowafukuza walikuwa majirani.

Something Necessary ilitengenezwa kupitia mradi wa Wajerumani, One Fine Day Films. Mtu ataniuliza, basi huyu ni huru vipi? Kwangu mimi, uhuru wake unaonekana katika watu anaowapa sikio. Mwaka 2015 alitoa Scarred, kuhusu mauaji ya raia yaliyofanywa na vikosi vya usalama vya Kenya huko Wagalla, Wajir, Februari 1984. Walionusurika wanasimulia wenyewe yaliyowapata kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, baada ya miaka thelathini ya kunyamazishwa. Tena akaanzisha Docubox, mfuko wa kuwasaidia watengenezaji wa filamu za hali halisi wa Afrika Mashariki, ili wengine wasianze mikono mitupu kama yeye.

Sasa tuje nyumbani. Picha za chai zinapigwa kila siku: kijani kibichi, majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni. Ni nzuri, lakini hazina sauti ya mtu. Na anayerekodi sauti Kericho anajua kwamba adhuhuri ikipita, mvua ikianza kupiga mabati, husikii hata swali lako mwenyewe. Mahojiano hufanywa asubuhi.

Na kuna sauti zisizoweza kungoja. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho, kutoka nchi ya Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Aliyehamishwa akiwa mtoto wa miaka mitano sasa anakaribia miaka mia. Naomba wazee hao warekodiwe kwanza, hata kama muswada wa filamu haujakamilika na fedha hazijapatikana.