Salfa Tunayoinunua, Salfa Tunayoitupa



Yupo mkemia mmoja nchini asiyehitaji kuelezwa salfa ni nini, naye ni mkulima wa korosho wa Newala, Masasi au Tandahimba. Kuanzia mwezi Juni, mikorosho inapochanua, hubeba bomba mgongoni na kupuliza unga wa njano juu ya maua ili kuuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu uliotuvamia mwishoni mwa miaka ya 1970. Unga huo huja kwa meli. Bandari ya Dar es Salaam hupokea pia salfa isiyo yetu, ikapakiwa kwenye malori yanayopanda Kitonga na kuvuka Tunduma, safari ya Zambia na Kongo.

Wakati huohuo, salfa imejaa chini ya miguu yetu. Imo Bulyanhulu, imo North Mara, imo Kabanga kule Ngara. Penye migodi tunaichimba kila siku, tunaisaga, kisha ama tunaisafirisha nje bila kuizungumzia ama tunaiacha kwenye marundo inyeshewe mvua. Nimeuomba mhadhara huu nieleze jinsi jambo hilo linavyotokea, na kwa maoni yangu maelezo yake yanaanzia kwenye elektroni kabla ya kufika kwenye mikataba.

Atomu ya salfa ina elektroni 6 katika tabaka lake la nje. Ikipewa 2 zaidi inakuwa salfaidi, hali ya −2, na ndivyo ilivyo ndani ya mawe ya madini. Ikipokonywa zote 6 inafikia +6, hali ya salfeti na ya asidi ya salfuriki. Unga wa mkulima uko katikati, kwenye sifuri: atomu 8 zilizoshikana kama pete. Ukiuyeyusha, kwenye nyuzi 115 hivi za Selsiasi unapata kimiminika chepesi cha njano. Ukizidisha moto kupita 160, pete hukatika, vipande vyake huungana kuwa minyororo mirefu, na kimiminika hugeuka chekundu na kizito kiasi cha kukataa kumwagika. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawasahau jaribio hilo, na mimi silichoki.

Kutoka −2 hadi +6 ni elektroni 8. Salfaidi ikikutana na oksijeni, elektroni hizo hutoka na joto jingi huachiliwa. Hoja yangu yote ya leo iko hapo: salfa ya mgodini haitulii. Ikishafukuliwa itaelekea +6, tupende tusipende. Kilicho mikononi mwetu ni kuchagua itafika huko kupitia kiwandani, kupitia bombamoshi, au kupitia mtoni.

Shaba, risasi, zinki, nikeli na zebaki hupendelea kushikana na salfa, ndiyo maana mawe yake ya chini, ambako oksijeni haifiki, ni salfaidi. Dhahabu yenyewe haishikani na salfa kirahisi, lakini mara nyingi hujificha ndani ya mawe yake. Bulyanhulu hukaa pamoja na pairaiti, ambayo ni chuma na salfa, na kalkopairaiti, ambayo ni shaba, chuma na salfa. Mchanganyiko huo ni kero kwa mchenjuaji anayetegemea sianidi, kwa sababu salfaidi za shaba hula sianidi kabla haijaifikia dhahabu. Hivyo jiwe husagwa, likatiwa maji na kemikali iitwayo zanthati, kisha hewa ikapulizwa. Molekuli ya zanthati ina atomu mbili za salfa upande mmoja na mkia wa mafuta upande wa pili. Salfa yake hunasa kwenye salfaidi, mkia hukimbilia kwenye kiputo cha hewa, na punje ya madini huelea juu ikiwa ndani ya povu. Povu hilo likikaushwa, Watanzania wote wanalijua kwa jina: makinikia.

Machi 2017 serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Taifa zima likajadili dhahabu iliyokuwa ndani yake. Hata kamati ya kuyachunguza makontena hayo, iliyoongozwa na mwanajiolojia Profesa Abdulkarim Mruma, iliitaja salfa miongoni mwa yaliyomo, lakini vijiweni na magazetini sikumsikia mtu akiiuliza. Mkemia angeanzia hapo. Kalkopairaiti safi, kwa uzito, ni takriban asilimia 35 shaba, asilimia 30 chuma na asilimia 35 salfa. Yaani ukitoa tani moja ya shaba kwenye kalkopairaiti, umetoa pia tani moja ya salfa, na tani hiyo ikigeuzwa yote kuwa asidi inakupa zaidi ya tani 3.

Wengi waliuliza wakati ule, na wangali wanauliza, kwa nini tusijenge mtambo wetu wa kuyeyusha. Swali ni zuri. Ila anayelijibu kwa kuhesabu dhahabu na shaba peke yake hajalijibu. Mtambo wa kuyeyusha shaba ni kiwanda cha kuchoma salfa ambacho pia hutoa shaba. Gesi yake, dioksidi ya salfa, ina njia mbili tu. Kwanza, iachwe iende zake. Wakazi wa Kankoyo, jirani na mtambo wa Mufulira nchini Zambia, waliivuta kwa miongo mingi na wanajua inavyokereketa koo na kuua mimea ya bustani. Pili, ikamatwe, ipitishwe juu ya kichocheo cha vanadi kwenye joto la nyuzi 400 na ushee, iwe trioksidi, kisha inyonywe ndani ya asidi kali iliyokwisha kutengenezwa. Mmenyuko huo hutoa joto la kuendesha mitambo ya umeme. Shida ni kwamba asidi haiwekwi ghalani ikasubiri bei kama korosho. Lazima mnunuzi awepo karibu, tena kila siku.

Katanga, nchini Kongo, inatufundisha mengi juu ya mnunuzi huyo. Karibu na uso wa ardhi pale Kolwezi na Likasi, maji na oksijeni vimekwisha kuigeuza shaba kwa muda mrefu wa kijiolojia. Ni malakaiti ya kijani na jiwe jeusi la kobalti liitwalo heterojenaiti. Salfa yake imekwenda na maji. Ili kuyayeyusha mawe hayo unahitaji asidi ya salfuriki kwa wingi, na kobalti inataka zaidi ya hapo: katika heterojenaiti iko hali ya +3, haiyeyuki vizuri mpaka ipewe elektroni ishuke +2. Kinachoipa elektroni ni dioksidi ya salfa, gesi ileile ya Kankoyo. Kwa hiyo Kongo huagiza salfa. Nyingi duniani leo hutokana na kusafisha mafuta na gesi, na nchi za Ghuba ni wauzaji wakubwa. Kwenye eneo la Shah, Abu Dhabi, karibu robo ya gesi inayotoka ardhini ni haidrojeni salfaidi, ambayo hugeuzwa salfa kwa njia aliyoibuni Carl Friedrich Claus katika karne ya 19. Hiyo ndiyo aina ya mzigo unaopanda Kitonga.

Chini ya mawe hayo ya Katanga kuna salfaidi. Huko Kamoa-Kakula, magharibi mwa Kolwezi, umejengwa mtambo uliosanifiwa kutoa tani 500,000 za shaba kwa mwaka, na gesi yake kugeuzwa asidi ya kuwauzia majirani wenye mawe ya juu. Salfa ya chini inafungua shaba ya juu. Sijui mpango wa kemia uliokaa sawa kuliko huo katika ukanda wetu.

Sisi je? Tuliwahi kuwa na mnunuzi. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, katika miaka ya 1970 na 1980, kilitengeneza asidi ya salfuriki, na kilitumia pia fosfeti ya Minjingu. Kilifungwa, Minjingu ingali ipo, na fosfeti yake ingali inahitaji asidi ili iyeyuke haraka shambani.

Nimeacha njia ya mtoni mwisho kwa kuwa ndiyo isiyohitaji mhandisi. Pairaiti iliyorundikwa kwenye mwamba taka hupata hewa na mvua, bakteria wanaoishi kwa kunyonya elektroni za chuma na salfa huharakisha kazi, na tani moja ya pairaiti inaweza kutoa zaidi ya tani moja na nusu ya asidi. Asidi hiyo huyeyusha metali nyingine na kuondoka nazo. Mei 2009 maji yenye asidi kutoka mgodi wa North Mara yalivuja hadi mto Tigithe, ambako watu huchota na kunywesha mifugo. Mgodi unaweza kufungwa na mwekezaji akaondoka, lakini mmenyuko huu huendelea mpaka pairaiti iishe.

Ombi langu kwa Tume ya Madini na NEMC ni moja. Kila mgodi wa salfaidi, kabla ya kupewa kibali, uwasilishe hesabu ya salfa: tani ngapi zitafukuliwa kwa mwaka, ngapi zitatoka ndani ya makinikia, ngapi hewani, ngapi zitabaki kwenye bwawa la topesumu na mwamba taka, na nani atazilinda mgodi ukishafungwa. Utaratibu huo uanze na mradi wa nikeli wa Kabanga, maana salfaidi zake ni nyingi na uchenjuaji wake umepangiwa Kahama. Hesabu hiyo haihitaji maabara mpya. Idara yetu iko tayari kuifanya bila malipo kwa mgodi wa kwanza utakaotuletea takwimu zake.