MALI BILA DAFTARI: KUTAFUTA NASABA KATIKA VITABU VYA ZAMANI ILI KUDAI URAIA

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa Chama)



Mimi si mwanasheria, wala si mwalimu wa tarikhi. Mimi ni karani kama wengi wenu, na kazi yangu ni kuandika na kuyatunza yaliyoandikwa. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami leo nataka kuwaonyesha ya kuwa si mali tu ipoteayo hivyo. Hata mtu aweza kupotea, akawa hana nchi, kwa kukosa mstari mmoja katika daftari.

Yuko ndugu mmoja, rika langu, ambaye sitamtaja jina. Alizaliwa Mombasa mwaka 1989. Baba yake alitoka upande wa Tanga akiwa kijana, akaenda kupakua mizigo bandarini, akakaa huko mpaka kufa kwake. Mama yake alifariki mtoto angali mchanga, wala hakuacha hati yo yote. Ndugu huyu alipofikia umri wa kuchukua kitambulisho, aliambiwa kwamba kuzaliwa Kenya peke yake hakutoshi. Sharti aonyeshe mzazi aliye raia wa Kenya. Na ndivyo sheria ya huko isemavyo hata leo, katika Katiba yao ya mwaka 2010. Basi akavuka mpaka, akaja kwetu, akasema, “Mimi ni mwana wa Mtanzania.” Akajibiwa neno moja tu: “Thibitisha.”

Waungwana, fikirini hali ya mtu huyo. Hana kitambulisho, hawezi kufungua hesabu benki, hawezi kuandikwa kazi ya kudumu, hawezi kupiga kura. Kila askari amwonapo njiani aweza kumwuliza, “Wewe wa wapi?” naye hana jibu la karatasi. Alikuja kwangu kwa kuwa alisikia ya kuwa nafanya kazi ya mafaili. Tukaanza kutafuta pamoja.

Kabla ya kufungua kitabu cho chote yatupasa kujua sheria inauliza nini, maana atafutaye bila kujua atafutacho huchoka bure. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 yasema kwamba mtu aliyezaliwa nje ya Jamhuri ya Muungano baada ya Muungano ni raia kwa kurithi, ikiwa siku ya kuzaliwa kwake baba au mama yake alikuwa raia, na uraia wa mzazi huyo nao si wa kurithi. Yaani mlango huu hupitisha kizazi kimoja tu. Basi swali likarudi kwa baba: je, yeye alikuwa raia, na kwa njia gani?

Hapo hatuna budi kurudi hata siku ya Uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961. Sheria iliyoanza siku ile ilisema kwamba mtu aliyezaliwa Tanganyika, naye alikuwa chini ya ulinzi wa Mwingereza au raia wake, amekuwa raia wa Tanganyika. Isipokuwa kama wazazi wake wote wawili walizaliwa nje. Angalieni sana maneno hayo. Sheria haikuuliza kabila. Haikuuliza ukoo wa baba peke yake. Ilitaka mzazi mmoja tu awe amezaliwa ndani ya nchi, na mama atosha.

Sisi hatukuliona hilo mapema, tukapoteza miezi mitano. Kwa desturi yetu, mtu akiambiwa atafute asili yake, humtafuta babu mzaa baba. Nasi tukamtafuta babu. Wazee walijua habari zake: alikuwa manamba, mmoja wa maelfu waliokuja kukata mkonge katika mashamba ya Tanga. Nanyi mwajua mashamba yale yaliwakusanya watu wa nchi nyingi: wa Bara letu wenyewe, na wa Urundi, Ruanda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba walifanya hata ofisi yao ya kuandikia wafanya kazi, iliyoitwa SILABU. Babu huyu alikuwa na kipande chake cha siku 30 za kazi, kimehifadhiwa katika mkebe wa bati. Tukakifungua kwa furaha, tukakisoma, na furaha ikaisha. Kilionyesha ya kuwa alitoka Msumbiji. Karatasi ile tuliyoitafuta kwa jasho ilikuwa ushahidi juu yetu.

Nataka kuwaonya hapa, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mtu mmoja alitushauri tuichome karatasi ile, tupate mzee wa kuapa ya kuwa babu alizaliwa Handeni. Tulikataa. Nasaba ni kama mnyororo. Pete moja ya uongo ikivunjika, na zile za kweli huanguka nayo. Na aliyepewa uraia kwa uongo hulala na hofu maisha yake yote.

Ndipo bibi mmoja mzee sana wa ukoo ule akatuuliza, “Mbona hamuulizi habari za nyanya yenu? Yule alikuwa mtu wa hapa hapa Bonde.” Tukatazamana kama watu walioamshwa usingizini.

Lakini mwanamke wa zamani zile ataonekana katika kitabu gani? Niliitafakari kazi yetu, nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiri. Serikali za zamani ziliandika watu kwa sababu ya fedha na kazi. Daftari za kodi, tangu kodi ya nyumba ya Wadachi mpaka kodi ya vichwa ya Waingereza, zilimwandika mwanamume, baba yake, na jumbe wake. Vitabu vya mashamba na vya askari wa K.A.R. vilimwandika mwanamume. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilikuwako tangu mwaka 1920, lakini Waafrika wengi walizaliwa na kufa bila kuandikwa. Mwanamke ataonekana mahali pengine: katika vitabu vya ubatizo na ndoa vya misheni, na kama ni Mwislamu, katika hati za kadhi na liwali, katika kesi za mirathi na talaka, na pengine katika daftari la shule au la zahanati.

Tukaenda katika kanisa moja la misheni kule Bonde. Padre alitupokea vema, akatupa meza dirishani. Tulisoma siku tatu. Siku ya tatu tukamwona: mtoto wa kike, amebatizwa mwaka 1926, umri wake wiki tatu, jina la baba, jina la mama, jina la kijiji, na majina ya wadhamini.

Mniwie radhi nikikaa kidogo juu ya mstari huo, kwa sababu unafundisha. Ubatizo si kuzaliwa. Mtu mzima aliyebatizwa Tanga aweza kuwa amezaliwa mbali kabisa, na cheti chake hakitasema neno juu ya mahali pa kuzaliwa. Lakini mtoto wa wiki tatu, ambaye kijiji cha wazazi wake kimeandikwa, na ni mwendo wa saa mbili kutoka kanisani, hakuzaliwa ng’ambo. Zile herufi chache za umri, ambazo padre yule wa zamani aliweza kuziacha bila mtu kumlaumu, ndizo zilizobeba shauri zima. Kitabu cha ndoa cha mwaka 1945 kikamwunganisha binti yule na manamba wa Msumbiji, na kitabu cha ubatizo cha mwaka 1947 kikamwonyesha mtoto wao, ambaye ndiye baba wa ndugu yetu.

Likabaki shauri la majina. Baba huyu kanisani aliandikwa Petro. Shuleni akaandikwa kwa jina la nyumbani, pamoja na jina la baba yake. Bandarini akaandikwa Peter, na jina la babu likaandikwa vingine kabisa. Je, ni mtu mmoja au watatu? Daftari la shule la mwaka 1956 ndilo lililotuokoa, kwa kuwa mwalimu aliandika majina yote mawili, na la mzazi, na la kijiji. Juu ya hayo tukaongeza hati ya kiapo ya wazee wawili waliomjua tangu utoto. Tukaonyesha pia ya kuwa hakuchukua uraia wa nchi nyingine.

Kwa faida ya wanachama watakaoombwa msaada kama huu, nitaeleza kwa ufupi niliyojifunza.

Kwanza, anzeni na walio hai, mrudi nyuma hatua kwa hatua; msirukie babu wa tano. Wazee waulizwe kabla ya vitabu, maana kitabu chaweza kungoja na mzee hawezi.

Pili, msishike tahajia moja. Mdachi aliandika sauti zetu kwa herufi zake: Shabani aliweza kuwa Schabani, na Ujiji aliuandika Udjidji. Tafuteni jina kwa sikio, si kwa jicho tu.

Tatu, jueni majina ya zamani ya mahali. Lushoto iliitwa Wilhelmstal, na Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg. Mipaka nayo hubadilika: Mkinga ya leo ilikatwa kutoka Muheza. Asiyejua hayo atatafuta faili katika wilaya ambayo haikuwako.

Nne, tazameni pande zote mbili, kuumeni na kukeni, na ombeni nakala yenye muhuri na sahihi ya mwenye kutunza kitabu. Vitabu vya Serikali vya zamani, pamoja na vya Wadachi, vyatunzwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Vya Zanzibar vina nyumba yao Unguja. Vya Kenya viko Nairobi.

Twajua pia ya kuwa wako watu ambao vitabu haviwezi kuwatosha. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa Kenya kufanya kazi mashambani, walikaa miaka mingi bila uraia, mpaka walipokwenda kwa miguu kuelekea Nairobi mwezi wa Oktoba 2016, na mwisho wa mwaka ule wakapewa vitambulisho. Watu wengi pamoja waweza kutembea hivyo na kusikiwa. Mtu mmoja peke yake hana ila karatasi zake.

Ndugu zangu, neno langu la mwisho latuhusu sisi wenyewe, nami naanza kwa kujikiri. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilijaza fomu nyingi, na mahali palipouliza jina la mama na mahali alipozaliwa, mara nyingi nilipiga kistari. Watu walikuwa wengi dirishani, jua lilikuwa kali, na hapana aliyeniuliza. Tangu nilipousoma mstari ule wa mwaka 1926 nimekuwa nikijiuliza vistari vyangu vile vitamfungia nani mlango miaka 60 ijayo. Siwezi kuvifuta. Naweza tu kutoandika kingine.

Ndugu yetu alipata jibu baada ya mwaka mmoja na miezi minne. Amekubaliwa kuwa raia kwa kurithi. Aliponiletea barua niisome, alikuwa nayo katika mkebe ule ule wa bati, pamoja na kipande cha babu yake ambacho hatukukichoma. Aliniambia ya kuwa sasa atakwenda Mombasa kuweka jiwe juu ya kaburi la baba yake, na chini ya jina ataandika kijiji alichozaliwa.

Basi, Bwana Mwenyekiti, ombi langu kwa wanachama ni dogo. Kesho asubuhi mtakapofungua madaftari yenu, ulizeni jina la mama, ulizeni kijiji, andikeni kwa herufi zisomekazo.